Kura ya Mkataba wa Hali Bora kwa Marubani wa Mwanza Kabla ya Kampuni Kuungana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya marubani wenye kituo cha kazi Mwanza, ambao wameombwa kuikubali au kuikataa rasimu ya mkataba wa hali bora za kazi, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama chao cha wafanyakazi na mwajiri, wakati mwajiri wao akiwa katika mazungumzo ya kuungana na kampuni nyingine ya ndege. Majina ya kampuni hizo hayatajwi, kwa kuwa mazungumzo hayajafungwa. Mwandishi ni mshauri wa kamati ya majadiliano na hana kura. Pale anapotoa maoni yake mwenyewe, amesema wazi kuwa ni maoni.

Kwa nini tunapigishwa kura sasa, badala ya kusubiri kampuni ziungane kwanza?

Kwa sababu leo mwajiri anakihitaji chama kuliko atakavyokihitaji baada ya kuungana. Kampuni inayotaka kuungana na nyingine hukaguliwa vitabu vyake, na moja ya mambo yanayoangaliwa kwa makini ni gharama ya marubani kwa miaka ijayo. Mkataba uliokwisha kusainiwa humpa mnunuzi hesabu anayoweza kuitegemea, ilhali majadiliano yaliyoachwa njiani humpa mashaka, na mashaka hushusha bei.

Sababu ya pili haisemwi sana vijiweni, lakini kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, chama hutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano pale kinapowakilisha wafanyakazi walio wengi katika kundi husika. Leo wingi huo tunao. Kundi likipanuliwa na kuingiza marubani wa kampuni ya pili, ambao wanatuzidi idadi na wengi wao hawamo katika chama chochote, wingi huo unaweza kutuponyoka. Hapo mwajiri anaweza kukipa chama taarifa ya miezi mitatu ya kuurejesha, na kisipofanikiwa utambuzi huondolewa. Miezi mitatu ni michache mno kwa kazi ya kuwaandikisha watu ambao hatujawahi kuketi nao chumba kimoja, wengine wakiwa Dar es Salaam, wengine Arusha, na rosta zao zikiwa hazifanani na zetu hata siku moja.

Kampuni ikichukuliwa, je, ajira zetu na mkataba wetu vinahama vyenyewe?

Jibu linategemea kitu gani hasa kinauzwa, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Zikiuzwa hisa, mwajiri habadiliki. Jina lililo kwenye barua yako ya ajira linabaki lile lile, miaka yako ya utumishi haikatiki, na mkataba wa hali bora unaendelea kumfunga mwajiri huyo huyo, ingawa mabosi wapya wameingia ofisini. Historia ya usafiri wa anga nchini ina mifano ya namna hiyo: South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa za Air Tanzania mwaka 2002 na ubia huo ukavunjwa mwaka 2006, na Kenya Airways iliingia Precision Air kwa asilimia 49 mwaka 2003. Katika hali zote mbili kilichouzwa ni hisa.

Zikiuzwa shughuli zenyewe, yaani ndege, njia, vipuri na haki za kuruka, mambo ni mengine kabisa. Anayenunua mtumbwi wa dagaa pale Igombe hanunui pamoja nao makubaliano waliyokuwa nayo wavuvi na mwenye mtumbwi wa zamani. Anaweza kuwachukua wavuvi wale wale, na anaweza kuja na wake. Sheria yetu ya mwaka 2004 haina kifungu kinachowahamisha wafanyakazi moja kwa moja kwenda kwa mwajiri mpya pamoja na haki zao zote. Wenzetu wa Afrika Kusini wanacho: ni kifungu cha 197 cha Sheria yao ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1995, na rubani aliyewahi kufanya kazi Johannesburg asidhani kwamba kinga ile ilimfuata hadi Mwanza. Hapa kwetu uhamisho huenda kwa ridhaa, maana yake mwajiri mpya hutoa barua mpya za ajira, na kilichomo katika barua hizo hutegemea kile ambacho mwajiri wa zamani alilazimishwa kukidai kwa niaba yenu kabla ya kuuza.

Menejimenti haijasema ni njia ipi kati ya hizo mbili itakayotumika. Kwa hiyo rasimu lazima isomwe kana kwamba itatumika ile iliyo mbaya zaidi kwetu.

Rasimu ina kifungu cha mrithi. Hakitoshi?

Kilivyoandikwa sasa, hakitoshi. Kinasema kwamba mwajiri atafanya kila jitihada ili mwajiri atakayefuata auheshimu mkataba. Jitihada ni jambo gumu kulithibitisha mbele ya msuluhishi: mwajiri ataonesha barua moja aliyomwandikia mnunuzi, mnunuzi atasema aliisoma, na shauri litakuwa limeishia hapo.

Lazima tukubali ukweli mmoja wa kisheria, kwamba mkataba kati yetu na mwajiri wetu hauwezi kumfunga mtu wa tatu ambaye hakuusaini. Unachoweza kufanya ni kumfunga muuzaji asiuze mpaka huyo wa tatu asaini. Maneno ninayoyapendekeza, na ambayo kamati imeyapeleka mezani, ni haya: mwajiri hatasaini makubaliano yoyote ya kuuza, kuhamisha au kuunganisha shughuli zake za ndege kabla mwajiri mpya hajasaini hati ya kuupokea mkataba huu wote, pamoja na orodha ya senioriti (mpangilio wa marubani kwa ukongwe) na miaka ya utumishi ya kila rubani. Tofauti iliyopo ni ya vitenzi viwili tu, lakini katika maneno haya kuna tendo lenye tarehe, na muuzaji akilifanya kabla ya wakati wake amevunja mkataba waziwazi. Mgogoro juu ya tafsiri au utekelezaji wa mkataba wa hali bora hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa usuluhishi, na usipomalizika huko huenda Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Kifungu chenye tarehe na tendo hufika huko kikiwa na miguu.

Kuna mlango wa nyuma ambao wanachama wachache wameuona. Kampuni iliyoungana inaweza kutuacha na mkataba wetu kama ulivyo, bila kugusa hata nukta, kisha ikahamisha kazi yenyewe: safari ya Bukoba ikapewa ndege iliyokodiwa pamoja na marubani wake, safari za Rubondo na Seronera zikapewa kampuni dada, na sisi tukabaki na mkataba mzuri usiokuwa na saa za kuruka. Ndiyo maana ibara inayosema kwamba safari zote zinazouzwa kwa jina la kampuni zitarushwa na marubani waliomo kwenye orodha yetu ina thamani kubwa kuliko nyongeza yoyote ya posho. Ibara hiyo imo katika rasimu, na imeandikwa vizuri. Menejimenti iliipinga hadi kikao cha mwisho.

Orodha mbili za senioriti zitaunganishwaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya juu kuliko yote, na kwa haki, kwa sababu senioriti ndiyo inayoamua nani anapanda kuwa kapteni, nani anahamia ndege kubwa, nani anachagua likizo ya Desemba na nani anatangulia kupunguzwa.

Njia zinazojulikana ni mbili, nyingine zote zikiwa mchanganyiko wa hizo. Ya kwanza ni tarehe ya kuajiriwa: aliyeanza kazi mapema yuko juu, bila kujali alianzia kampuni ipi. Ya pili ni uwiano: kila mtu hulinda nafasi aliyokuwa nayo katika orodha yake ya zamani, na orodha mbili husukwa pamoja kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ndogo ina marubani 20, na kubwa ina 60. Kapteni wa ndege ndogo ya Caravan aliyeajiriwa mwaka 2014 katika kampuni ndogo ni wa 4 kati ya wenzake 20. Katika kampuni kubwa, ambayo ni ya zamani zaidi, watu 30 waliajiriwa kabla ya tarehe yake. Kwa njia ya tarehe, kapteni huyu anakuwa wa 34 kati ya 80. Kwa njia ya uwiano, anakuwa wa 16. Ni mtu yule yule, mwenye saa zile zile katika kitabu chake cha kumbukumbu za kuruka, lakini kwa njia moja ameteremka hadi karibu na katikati ya orodha na kwa nyingine amebaki katika robo ya juu. Hakuna nyongeza ya mshahara iliyomo katika rasimu inayoweza kufidia tofauti hiyo kwa miaka 15 ya kazi iliyobaki.

Njia ya tarehe si dhuluma kila mara, wala njia ya uwiano si haki kila mara. Kampuni changa iliyokua haraka itapenda uwiano, kwa kuwa watu wake walipanda upesi. Kampuni kongwe ambayo marubani wake walikwama miaka mingi bila kupanda itapenda tarehe, kwa kuwa subira ndiyo mali pekee waliyoichuma. Kila upande huiita njia yake haki, na ndiyo maana suala hili halipaswi kuachwa liamuliwe na upande wenye watu wengi.

Kilichotokea Marekani kinastahili kusomwa na kila anayepiga kura. America West na US Airways ziliungana mwaka 2005. Marubani wa US Airways walitaka tarehe ya kuajiriwa, wenzao wakataka uwiano, na shauri likapelekwa kwa mwamuzi, George Nicolau, ambaye mwaka 2007 alitoa orodha iliyowaweka marubani waandamizi mia tano na ushee wa US Airways juu kabisa, kisha akawasuka waliobaki kwa uwiano, na waliokuwa wamesimamishwa kazi akawaweka chini. Marubani wa US Airways, waliokuwa wengi, hawakuupokea uamuzi ule. Mwaka 2008 walikiondoa chama chao kwa kura na kuunda kingine kilichoahidi kutetea tarehe ya kuajiriwa. Matokeo yake ni kwamba makundi mawili yalifanya kazi ndani ya kampuni moja yakiwa na mikataba miwili tofauti kwa miaka mingi, kesi zikifuatana mahakamani, na orodha moja ilikuja kupatikana mwaka 2016, baada ya kampuni hiyo nayo kuungana na American Airlines. Rubani aliyekuwa na umri wa miaka 50 wakati wa muungano wa kwanza alifika miaka 61 kabla hajajua nafasi yake.

Delta na Northwest zilipita njia nyingine. Muungano ulitangazwa Aprili 2008, marubani wa pande zote mbili wakapitisha mkataba wa pamoja mwezi Agosti, muungano ukakamilika Oktoba, na waamuzi wakatoa orodha moja mwezi Desemba mwaka huo huo. Hawakupendana kuliko wale wengine. Walichofanya ni kukubaliana kabla kwamba wakishindwa kuelewana juu ya orodha, uamuzi wa waamuzi utakuwa wa mwisho na kila upande utauheshimu.

Rasimu yetu inasema kwamba orodha zitaunganishwa kwa njia ya haki na usawa. Maneno hayo ni mazuri, na Marekani yameingizwa hata katika sheria, kwa McCaskill-Bond ya mwaka 2007, iliyotungwa baada ya wafanyakazi wengi wa kampuni ya ndege ya TWA kuwekwa mkiani kampuni yao ilipochukuliwa na American mwaka 2001. Lakini kule sheria hiyo inatoa pia njia ya kumpata mwamuzi pande mbili zikishindwana. Hapa kwetu, pasipo mwamuzi aliyetajwa na muda wa kuamua, haki na usawa vitatafsiriwa na meneja wa rosta.

Tukipiga kura ya hapana, kitatokea nini?

Mkataba wa sasa utaendelea kutumika hadi utakapositishwa kwa taarifa, na kamati itarudi mezani. Hilo ndilo jibu la kisheria. Jibu la hali halisi ni kwamba mezani tutarudi tukiwa na muda mfupi zaidi, na menejimenti itakuwa na uchaguzi wa kuharakisha muungano bila mkataba mpya.

Agosti 2012 marubani wa American Airlines, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa mahakama ya ufilisi, waliikataa ofa ya kampuni kwa asilimia 61. Mwezi Septemba mahakama iliiruhusu kampuni kuuweka kando mkataba wa zamani, na kwa wiki kadhaa safari zilivurugika. Desemba mwaka huo marubani walipitisha makubaliano mengine kwa takriban asilimia 74, na Februari 2013 muungano na US Airways ukatangazwa. Wapo wanaousoma mfuatano huo kama ushahidi kwamba hapana huleta ofa bora, na wapo wanaousoma kama ushahidi kwamba hapana iliwapokonya kinga waliyokuwa nayo. Pande zote mbili zina hoja, lakini zote husahau kutaja kwamba marubani wale walikuwa maelfu, katika nchi ambayo mikataba ya kazi ya mashirika ya ndege haifi tarehe yake inapofika bali huendelea hadi irekebishwe. Sisi ni wachache, na kinga hiyo hatunayo.

Maoni yangu ni haya: kifungu cha mrithi kikirekebishwa na mwamuzi wa senioriti akitajwa, nawashauri mpige kura ya ndiyo hata kama nyongeza ya mshahara ni ndogo. Visiporekebishwa, hata nyongeza kubwa haitoshi.

Lakini mshahara je? Wengine tuna mikopo.

Nyongeza iliyomo ni ya kawaida, haiaibishi na haifurahishi. Angalieni zaidi jinsi ilivyogawanywa: sehemu kubwa imewekwa kwenye posho ya saa za kuruka na sehemu ndogo kwenye mshahara wa msingi. Jibu linalofuata litaonesha kwa nini jambo hilo lina uzito.

Je, kituo cha Mwanza kitafungwa? Familia zetu ziko hapa.

Hakuna aliyesema kitafungwa, na hakuna aliyekubali kuandika kwamba hakitafungwa. Hofu ipo, na ina msingi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea abiria wa Geita na Bukoba foleni ya kivuko, na mpanga safari aliyeketi Dar es Salaam anaweza kuona ni rahisi zaidi ndege zilale huko na kuja Mwanza asubuhi. Rubani aliyejenga Buswelu, mwenzi wake akifundisha shule ya hapa mjini, hana njia ya kuhamisha maisha yake kwa taarifa ya mwezi mmoja.

Kituo kikifungwa na watu wakapunguzwa, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, atoe maelezo, na ashauriane na chama juu ya sababu za kupunguza, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke na malipo yatakayotolewa. Asiyefanya hivyo anakuwa amewaachisha watu kazi isivyo halali. Lakini tazameni malipo yenyewe. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kapteni aliyetumikia miaka 14 atalipwa siku 70, miaka minne ikiwa imeachwa nje, na siku hizo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi bila posho. Kama nusu ya kipato chako hutoka kwenye saa za kuruka, nusu hiyo haimo katika hesabu.

Kuna jambo zaidi, ambalo nimeona likiwashangaza hata makapteni wa siku nyingi. Anayepunguzwa kazi kisha akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa, iwe kwa mwajiri wake au kwa mwajiri mwingine, anaweza kupoteza haki ya kiinua mgongo. Mwajiri akikupa nafasi Dar es Salaam nawe ukaikataa kwa sababu watoto wanasoma Mwanza, je, hiyo ni sababu ya msingi? Inaweza kubishaniwa, na ubishi huo utakuwa mbele ya CMA ukiwa huna kazi. Kwa hiyo rasimu iseme waziwazi kwamba kukataa kuhama kutoka kituo cha Mwanza ni sababu ya msingi, na iweke kiinua mgongo kisicho na kikomo cha miaka 10. Sheria inaweka kiwango cha chini tu. Mkataba unaruhusiwa kupita hapo.

Tunaruhusiwa kugoma?

Marubani hawamo katika orodha ya huduma muhimu zilizozuiwa kugoma. Waliomo kwa upande wa usafiri wa anga ni waongoza ndege na watu wa mawasiliano ya anga. Hata hivyo mgomo halali una ngazi zake: mgogoro uwe wa maslahi (wa kudai masharti mapya, si wa tafsiri ya yaliyopo), upelekwe CMA kwa usuluhishi, siku 30 za usuluhishi zipite bila muafaka, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na walio wengi kati ya waliopiga waunge mkono, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48.

Kuna jambo la kuzingatia kabla ya kura ya mkataba: mtu aliyefungwa na mkataba wa hali bora haruhusiwi kugomea suala ambalo mkataba huo umekwisha kulipangia utaratibu. Tukipitisha rasimu yenye kifungu dhaifu cha mrithi, tutakuwa tumeuza haki ya kugomea suala hilo hilo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na baada ya siku chache mahakama ya kazi ya Nairobi ikawaamuru warudi. Sheria za Kenya si zetu, ila mwenye kudhani kwamba mgomo wa marubani huishia uwanja wa ndege, na kwamba hautafika mahakamani, ajue kwamba unaweza kufika.

Nina bondi ya mafunzo. Ndege zikibadilika baada ya kuungana, nitadaiwa?

Bondi ni makubaliano yako binafsi na mwajiri, na hufuata maneno yake. Mengi ya makubaliano hayo niliyoyasoma yanasema kwamba rubani akiondoka kabla ya muda atalipa gharama za simuleta (mashine ya kujifunzia kuruka), bila kutofautisha aliyeondoka kwa hiari na aliyeondolewa. Rasimu inafuta deni kwa atakayepunguzwa. Haisemi lolote kuhusu atakayekataa kuhamia kwa mwajiri mpya, na kamati imeombwa kuongeza sentensi hiyo.

Mimi si mwanachama. Je, mkataba utanihusu, na je, nina kura?

Mkataba utakuhusu; kura huna. Chama kikiwa wakala pekee, mkataba wake huwafunga pia wasio wanachama waliomo katika kundi hilo la wafanyakazi, na iwapo kuna makubaliano ya ada ya uwakala unaweza kukatwa ada hiyo, isiyozidi ada ya mwanachama, bila kulazimishwa kujiunga. Sheria yenyewe haimlazimishi mtu kuupigia kura mkataba wa hali bora. Kura hii inatokana na katiba ya chama, na katiba inampa mwanachama pekee.

Aliye na mkataba wa muda maalumu na ni mwanachama anapiga kura kama wengine, lakini asome tarehe yake ya mwisho kwa makini, kwa sababu mwajiri mpya hahitaji kumpunguza mtu ambaye mkataba wake unaisha wenyewe miezi miwili baada ya muungano. Aliyeajiriwa chini ya miezi sita iliyopita ana kinga ndogo zaidi, kwani vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali havimhusu bado.

Tume ya Ushindani na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haziwezi kutulinda?

Tume ya Ushindani lazima iarifiwe pale ambapo mauzo au mali za kampuni zinazoungana kwa pamoja zinafikia kiwango kilichowekwa, ambacho tangu mwaka 2017 ni shilingi bilioni 3.5. Kazi yake ni kuangalia kama abiria wa Mwanza na Bukoba watabaki na kampuni moja tu ya kuwapangia nauli. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) nayo huangalia leseni, cheti cha uendeshaji, miongozo na usalama. Taasisi zote mbili ni muhimu, na hakuna kati yao inayoangalia senioriti yako.

Faida tunayoipata hapo ni muda. Tume ikiamua kulichunguza shauri, muungano hauruhusiwi kukamilika kwa siku 90, na zinaweza kuongezwa 30. Huo ndio muda wa kurekebisha vifungu viwili, cha mrithi na cha mwamuzi wa senioriti.

Kwa nini kamati haituoneshi kila kitu ilichooneshwa?

Kwa sababu mwajiri anawajibika kukipa chama taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, na baadhi ya taarifa hizo chama kimezipokea kwa sharti la siri. Kamati ikivujisha bei ya ndege, haitaoneshwa tena kitu. Hata hivyo siri hiyo haihusu rasimu yenyewe, na mwanachama anayenyimwa nakala kamili ya rasimu ana haki ya kulalamika kwa katibu wa tawi kwa maandishi.

Wahudumu wa ndani ya ndege na mafundi wanahusika?

Wana kundi lao na majadiliano yao. Ni jambo la busara vikao vyao na vyetu vipeane taarifa, kwani mwajiri ni mmoja.

Nikiwa safarini siku ya kura, nitapigaje?

Kura ni ya siri na itakuwa wazi kwa muda wa kutosha rosta nzima kupita, ili aliyelala Bukoba au Seronera asikose. Karatasi zitakuwa kwa msimamizi wa uchaguzi, ambaye si mjumbe wa kamati wala si mtu wa menejimenti. Anayetarajia kuwa nje kwa muda wote huo aombe karatasi yake mapema kwa msimamizi, wala asimwachie mwenzake ampigie. Matokeo yatabandikwa siku ile ile ya kuhesabu. Rasimu ikipita, itaanza kuwafunga wote tangu saini ya mwisho itakapowekwa, isipokuwa pale itakapotaja tarehe nyingine, na nakala yake itapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.